KITANDA CHA MWANAFUNZI NI JAMBO LA TAIFA

Kila inapowadia miezi ya Oktoba na Novemba, vyuo vikuu vya Dar es Salaam hupokea wanafunzi wapya. Miongoni mwao wamo vijana wetu wa Unguja, wa Pemba na wa Mafia, ambao huvuka bahari wakiwa na vyeti mkononi, godoro begani na dua za wazazi wao moyoni. Katika wiki hizo husemwa mengi juu ya idadi ya waliochaguliwa na juu ya mikopo iliyotolewa, na hayo ni mambo ya kupongezwa. Lakini lipo swali moja ambalo halisemwi kwa sauti hiyo hiyo: kijana huyo atalala wapi usiku wa kwanza, na atalala wapi usiku wa mia moja?

Wapo watakaotuambia kwamba hili ni jambo dogo, la kumalizwa na mzazi na mwanawe. Sisi hatukubaliani nao. Taifa linalomsomesha mtu kwa fedha za umma haliwezi kujali kichwa chake likasahau mgongo wake. Mwanafunzi asiyekuwa na mahali pa kulala hasomi. Na asiyesoma, fedha iliyotumika juu yake ni sawa na maji yaliyomwagwa mchangani. Basi hebu tulitazame jambo hili tangu lilikotoka, ili tuone ni nani anayepaswa kufanya nini.

TOKA LUMUMBA HADI MLIMANI

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini, nao walisomea katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kiasi cha kilomita kumi na tatu kutoka katikati ya mji. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa, baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichokuwa kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam.

Waliokijenga pale kilimani walikijenga pamoja na mabweni, majumba ya kulia chakula na uwanja wa michezo. Mwanafunzi wa enzi hizo alipewa kitanda, alipewa chakula, akapewa na taa ya kusomea. Alikuwa hajui bei ya unga wala jina la mwenye nyumba. Hali hiyo ilikuwa na raha yake, lakini pia ilikuwa na hatari yake, nayo ilijitokeza mapema.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao uliwataka watumikie kwa muda na kukatwa sehemu ya mishahara yao. Serikali ikawarudisha makwao wanafunzi karibu 400. Lakini Mwalimu Nyerere hakuishia hapo. Alipunguza pia mshahara wake mwenyewe na wa viongozi wengine wakubwa, na miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha. Funzo lilikuwa wazi: msomi hana haki ya kujitenga na umma uliomsomesha, wala kiongozi hana haki ya kumtaka msomi ajinyime ilhali yeye hajinyimi. Novemba 1974 Azimio la Musoma likaongeza kwamba mtu afanye kazi kwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu, ili aingie humo akiwajua watu anaokwenda kuwasomea.

Tunayakumbusha haya kwa sababu hoja kuu ya miaka ile ilikuwa kwamba Mlimani pasigeuke kuwa kisiwa. Chama na Serikali viliwataka wanafunzi washuke kilimani waishi na wananchi. Leo wameshuka. Ila hawakushushwa na siasa ya ujamaa, wala na azimio lolote. Wameshushwa na uhaba wa vitanda.

KILIMA KIMESHUKA MTAANI

Wanafunzi waliohesabiwa kwa vidole mwaka 1961 leo wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Hilo ni jambo jema, na ni ushindi wa nchi. Zaidi ya hayo, Mlimani si peke yake tena. Huko Temeke, pale Chang'ombe palipokuwa Chuo cha Ualimu, kipo tangu mwaka 2005 Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kinachofundisha walimu wa nchi nzima. Kurasini ipo Taasisi ya Uhasibu na kipo Chuo cha Diplomasia. Kinondoni kina makao Chuo Kikuu Huria. Ng'ambo ya feri, Kigamboni, kipo Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambacho wazee wetu wa Chama walikijua kwa jina la Kivukoni tangu mwaka 1961.

Mabweni hayakukua kwa kasi hiyo. Tangu miaka ya tisini, Serikali ilipoingia katika utaratibu wa kuchangia gharama za elimu, jikoni na mabwenini mkono wake ulilegea. Chakula kikaenda mikononi mwa watu binafsi. Na kitanda, kwa walio wengi, kikaenda mikononi mwa mwenye nyumba wa mtaani. Yalijengwa mabweni ya Mabibo, yakasaidia. Kisha Aprili 2017 Rais John Magufuli akafungua Mlimani majengo ishirini yaliyojengwa na Wakala wa Majengo kwa shilingi bilioni 10, yenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini bado ukienda Sinza, Mlalakuwa, Msewe, Changanyikeni na Makongo kwa upande wa Mlimani, au Keko, Mtoni na Temeke yenyewe kwa upande wa Chang'ombe, utakuta mitaa mizima inayoishi kwa kodi ya wanafunzi.

Huko mtaani ndiko maisha ya chuo kikuu yalikohamia. Mwanafunzi hupanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita au nane. Huchangia umeme wa LUKU na wapangaji wenzake, huteka maji yanapotoka na huyanunua kwa ndoo yasipotoka. Asubuhi hunywa chai ya mama lishe. Mchana hula wali na maharage akiwa na fedha, na hukaza mkanda akiwa hana. Usiku hurudi kutoka maktaba kwa miguu katika vichochoro visivyo na taa. Mvua kubwa zikinyesha na Jangwani pakijaa maji, mabasi ya mwendokasi husimama, na yule aliyepanga mbali kwa ajili ya unafuu wa kodi huukosa mhadhara.

Hatusemi kwamba maisha haya ni aibu. Ndiyo maisha ya wananchi wengi wa Dar es Salaam, na kijana anayeyajua atakuwa mtumishi bora kuliko asiyeyajua. Tunalosema ni kwamba mwananchi wa Keko hapewi mtihani wa hesabu za uhandisi kila baada ya wiki kadhaa, na akishindwa kufukuzwa. Mwanafunzi hupewa. Naye akianguka, wenzake husema "amedisko", wakacheka kidogo, mambo yakaisha. Lakini kwa mzazi wa Mkoani au wa Kilindoni mambo hayaishi.

HESABU ISIYOLALA

Wakubwa wengi hudhani kwamba mkopo wa Serikali umeimaliza shida hii. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005, na bila ya hiyo maelfu ya watoto wa wakulima na wavuvi wasingeliona lango la chuo. Sisi wa Visiwani tuna mlango wa pili, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Katika Awamu ya Sita kiwango cha juu cha fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Taifa kimepandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Aidha, mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliiondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo, iliyokuwa ikiwaelemea wadaiwa. Yote hayo ni mema, na asiyeshukuru kwa kidogo hashukuru kwa kingi.

Lakini hebu tufanye hesabu. Tuchukue chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi. Vipo vya chini ya hapo, na vipo vya juu zaidi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 480,000. Dalali aliyemwonyesha kijana chumba hicho anataka ujira wake, ambao kwa desturi ya mji ni kodi ya mwezi mmoja, shilingi 80,000. Jumla ni 560,000. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita "bumu", hutolewa kwa mafungu. Fungu la siku sitini kwa yule aliyepata kiwango cha juu kabisa ni shilingi 600,000. Akishalipa nyumba na dalali amebakiwa na shilingi 40,000 za kula, kupanda gari na kunakili maandiko kwa siku sitini. Hazifiki shilingi 700 kwa siku. Na hapo tumemchukua mwenye bahati, aliyepewa kiwango chote, na aliyepewa kwa wakati.

Sasa tujaalie wawe wawili katika chumba hicho hicho. Kila mmoja atalipa 280,000 na atabakiwa na 320,000, ambazo ni zaidi ya 5,000 kidogo kwa siku. Hapo mtu anaweza kuishi. Hii ndiyo siri ya lile jambo ambalo wanafunzi wa Mlimani wamelipa jina la "kubebana", yaani mwenye kitanda kumkaribisha asiye na kitanda, wakalala mzungu wa nne kama samaki kwenye tenga. Wakubwa hulikemea kuwa ni utovu wa nidhamu na uvunjaji wa kanuni za mabweni. Ni kweli kwamba linavunja kanuni, na ni kweli kwamba linaharibu vyoo, mabomba na afya za watu. Lakini halikuletwa na utovu wa nidhamu. Limeletwa na hesabu. Na hesabu haikemewi ikasikia.

Kwa wasichana jambo lina uchungu zaidi. Kijana wa kiume akikosa pa kulala hujibanza kwa rafiki. Binti akikosa pa kulala hujitokeza mtu mzima mwenye gari na maneno matamu, akajidai kuwa mfadhili. Hatupendi kuliandika hili gazetini, lakini kulinyamazia ni kuwasaidia wale wanaolifanya. Mzazi wa Wete au wa Makunduchi amempeleka mwanawe kwa amana. Na amana, kama tulivyofundishwa sote tangu utotoni, haipokelewi na mtu kisha ikaachwa mlangoni.

CHUONI NA CHUO

Sisi watu wa Visiwani tuna neno letu. Tukisema mtoto amekwenda chuoni, huwa mara nyingi hatukusudii Mlimani. Tunakusudia kwa mwalimu wake wa Kurani. Na katika desturi ya chuo hicho, mwalimu hakuwa mtu wa kufundisha herufi tu. Mtoto aliyetoka mbali alilala kwa mwalimu, akala kwa mwalimu, akatumwa kisimani na kuni, naye mwalimu aliulizwa na wazazi juu ya adabu yake na siha yake. Hata vyuo vikubwa vya mwambao, kama kile cha Msikiti wa Riyadha huko Lamu ulioanzishwa na Habib Swaleh, vilipata sifa kwa kuwa mgeni kutoka Ngazija au Pemba aliweza kufika pale na fimbo yake akapata pa kukaa.

Hatudai kwamba chuo kikuu cha maelfu ya watu kinaweza kuendeshwa kama baraza la mwalimu. Tunadai kwamba kanuni ile haijapitwa na wakati: anayempokea mwanafunzi ampokee mzima. Leo mambo yalivyo, Chuo kinasema wajibu wake ni kufundisha. Bodi inasema wajibu wake ni kukopesha. Halmashauri za Manispaa za Kinondoni, Ubungo na Temeke zinasema mwanafunzi ni mpangaji kama mpangaji mwingine. Mwenye nyumba anasema biashara ni yake. Kila mmoja ana haki katika neno lake, na kwa pamoja wote wamemwacha kijana katikati, kama mpira uliopigwa na hakuna aliyeufuata.

Zamani kulikuwapo na jamaa. Kijana wa Pemba alifikia kwa ami yake Magomeni au kwa shangazi yake Temeke. Bado wapo wanaofanya hivyo, na Mungu awazidishie wenyeji wao. Lakini nyumba za jamaa nazo zimejaa. Ami ana watoto wake saba. Shangazi ni mjane anayeuza vitumbua. Kijana akikaa hapo hulipa kwa kazi: kuteka maji, kusimamia duka, kuwapeleka wadogo shule. Ukarimu wa jamaa ni hazina yetu, lakini si haki Serikali kuufanya kuwa ndio sera yake ya malazi.

HISTORIA INATUONYA

Kwa nini tunasema hili ni jambo la Taifa na si la mzazi? Kwa sababu historia ya vyuo vya Afrika Mashariki inaonyesha kwamba shida ya tumbo na kitanda, ikipuuzwa, hugeuka kuwa shida ya siasa, na wakati huo huwa ghali zaidi kuitatua.

Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya viongozi, wakati wananchi wakiambiwa wajifunge mikanda. Wengi walifukuzwa, na sehemu kubwa yao wakarudishwa baadaye. Jumuiya yao ikavunjwa na mahali pake ikawekwa MUWATA chini ya Umoja wa Vijana. Mei 1990 Serikali ilikifunga Chuo, na hakikufunguliwa hadi mwaka uliofuata, baada ya mgogoro ambao ndani yake mlikuwamo malalamiko mengi juu ya hali ya maisha na masomo. Mwaka 2007 na 2008 iliibuka migomo juu ya asilimia za mikopo. Huko Uganda, Desemba 1990, ugomvi juu ya posho za wanafunzi wa Makerere uliishia kwa polisi kuwapiga risasi wanafunzi wawili wakafa. Na Rais wa nchi hiyo wakati huo alikuwa Yoweri Museveni, ambaye mwenyewe alisoma Mlimani katika miaka ya sitini na kuongoza vuguvugu la wanafunzi hapo.

Sisi ni watu wa Chama, na hatuandiki haya ili kuchochea mgomo. Mgomo hupoteza masomo, na masomo yanayopotea ni ya mtoto wa maskini kwanza, kwani mtoto wa tajiri atapelekwa kwingine. Tunaandika ili kuwaambia viongozi wetu kwamba kila mara katika historia hiyo palikuwapo na muda wa kusikiliza kabla ya muda wa kufunga malango. Kiongozi mwerevu hutumia muda wa kwanza.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, vijengwe vitanda. Tumesema kwamba mabweni ya mwaka 2017 yaligharimu shilingi bilioni 10 kwa nafasi 3,840. Maana yake ni kwamba kitanda kimoja kiligharimu kama shilingi milioni 2.6. Mwanafunzi anayelipa chumba cha shilingi 80,000 kwa miezi kumi ya masomo hulipa 800,000 kwa mwaka. Katika miaka mitatu na kidogo amelipa thamani ya kitanda kizima, na kitanda hakikupatikana. Tunajua kwamba bei za saruji na nondo zimepanda tangu wakati ule. Hata hivyo, fedha inatoka sasa hivi kila mwaka, nyingi yake ni ya mikopo ya Serikali, nayo inaishia kwenye kodi za mtaani bila ya kuacha hata tofali moja la umma. Ardhi nayo ipo. Chuo kile kile kilipata nafasi ya kukaribisha jengo kubwa la maduka la Mlimani City juu ya ardhi yake. Ardhi iliyotosha maduka haiwezi kushindwa kutosha mabweni. Tena Zanzibar inajua kwamba jambo hili linawezekana: majumba ya Michenzani yalijengwa na Serikali changa ya Mapinduzi, katika visiwa vidogo, kwa nia na kwa jasho.

Pili, fedha itangulie, mwanafunzi afuate. Fungu la kwanza la kujikimu lifike mkononi mwa kijana kabla ya siku ya kuripoti. Mtoto wa Dar es Salaam akicheleweshewa fedha hurudi kwao kula. Mtoto wa Micheweni hana pa kurudi isipokuwa baharini. Bodi zetu mbili zikae pamoja na vyuo, majina yahakikiwe mapema, na visingizio vya saini na akaunti vimalizwe Septemba badala ya Desemba.

Tatu, kodi ya mkupuo idhibitiwe. Ilikuwapo Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji mdogo amekuwa hana pa kushika. Hatusemi wenye nyumba ni kupe. Wengi wao ni wastaafu na wajane waliojenga chumba kwa chumba, na kodi hiyo ndiyo pensheni yao. Lakini kodi ya miezi sita au mwaka mzima kutoka kwa mtu anayelipwa kwa miezi miwili si biashara ya haki kwa upande wowote, kwani hata mwenye nyumba huishia kupata mpangaji anayeleta wenzake watatu usiku. Tunapendekeza manispaa ziweke mkataba maalumu wa mwanafunzi, wa kodi ya miezi miwili miwili inayokwenda sambamba na mafungu ya Bodi, na anayeukubali apewe nafuu katika kodi ya majengo.

Nne, uongozi wa mtaa uutambue uwepo wa wanafunzi. Tunao wenyeviti wa Serikali za Mitaa, na Chama kinao mabalozi wa nyumba kumi. Ni jambo la ajabu kwamba balozi anajua kila kadi ya mwanachama katika shina lake, lakini hajui kwamba katika nyumba ya tatu wanalala mabinti wanne kutoka Pemba wanaorudi maktaba saa nne za usiku. Taa za barabarani na ulinzi wa sungusungu kati ya vyuo na mitaa hiyo havihitaji bajeti ya bilioni.

Tano, ipo rai ambayo hutolewa na baadhi ya ndugu zetu, kwamba Serikali ya Mapinduzi ijenge dakhalia yake huko Dar es Salaam kwa ajili ya Wazanzibari peke yao. Rai hii ina uzito, maana mgeni hujua shida ya mgeni mwenzake. Lakini sisi tunaiona na hasara. Elimu ya juu ni jambo la Muungano kwa mujibu wa Katiba. Kijana wa Chake Chake akilala miaka mitatu na watu wa Chake Chake tu, atarudi na shahada lakini hatarudi na rafiki wa Songea wala wa Bukoba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kimevuka bahari kuja kwetu, kwani Taasisi yake ya Sayansi za Bahari ipo Unguja tangu mwaka 1978. Bora Serikali zote mbili zichangie mabweni ya pamoja, na kanuni moja ifuatwe bila ya upendeleo: vitanda vya ndani vianze kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza watokao mbali, na kwa wasichana, na kwa wenye ulemavu. Mtoto wa Sinza mwenye nyumba yao Sinza angoje zamu.

WAJIBU WA WANAFUNZI

Tungekuwa si waadilifu kama tungewaambia viongozi peke yao. Vijana nao wana lao. Wapo ambao siku ya bumu huonekana kama siku ya harusi, na wiki ya pili huonekana wakikopa sukari. Fedha ile ni ya mkulima wa pamba, ni ya mvuvi wa Nungwi, ni ya mama wa Pemba aliyeanua karafuu kwenye jamvi mvua ikimtishia. Wengi wa hao hawatakanyaga chuo kikuu maisha yao yote. Kuichezea ni kuwadhulumu.

Vile vile, mkopo ni deni. Anayehitimu akapata kazi kisha akajificha asilipe amekichukua kitanda cha mdogo wake. Kijana anayelalamika leo kwamba mafungu yanachelewa akumbuke kwamba mfuko anaoungojea hujazwa na wale waliomtangulia. Kujitegemea hakukuwa neno la kuimbwa mwaka 1967 tu. Ni utaratibu wa aliyevuka kuwavutia kamba waliobaki ng'ambo.

Na jumuiya za wanafunzi zijifunze kuleta hoja kwa hesabu. Orodha ya wanafunzi wasio na malazi, mitaa wanakoishi, kodi wanazotozwa na saa wanazopoteza njiani, ikiwekwa mezani kwa Baraza la Chuo na kwa Mbunge, ni silaha kali kuliko bango. Kiongozi anaweza kulikasirikia bango. Orodha hawezi kuikasirikia, atalazimika kuijibu.

Tunamaliza kwa kuwakumbusha wenye dhamana, wa Bara na wa Visiwani, kwamba nchi yetu haikuwahi kuwa tajiri. Mwaka 1961 haikuwa na fedha, lakini kwa wale wanafunzi wachache wa Lumumba ilihakikisha kwamba kila mmoja anapata pa kulaza ubavu. Idadi imeongezeka, na mapato ya nchi yameongezeka pia. Tunaziomba wizara mbili za elimu, Bodi mbili za mikopo, Mabaraza ya vyuo na Halmashauri za Kinondoni, Ubungo na Temeke zikutane katika meza moja kabla ya mwaka ujao wa masomo kuanza, na kila moja iondoke hapo ikiwa na kazi yake na tarehe yake. Sisi tutauliza, na tutaendelea kuuliza, ni vitanda vingapi vimeongezeka.